Kuku wa Tilda

Tulimzika Mama Anastazia siku ya Jumamosi, jua likiwa kali kiasi kwamba hata maua ya plastiki yalianza kunuka. Mjukuu wake mmoja, kijana wa suti na kipaza sauti, alisimama mbele ya watu akaeleza maisha ya bibi yake, na alieleza vizuri: mume mvuvi, miaka yote katika chama cha akina mama cha parokia, na ile lituma yake, ndizi za kupondwa, ambayo mtaa mzima wa Kabondo haikuwa na mpinzani. Halafu akasema, "Mutoto wake wa kwanza, papa yangu Leoni," na watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimewekwa mbele, kwenye viti vya wazee, nikageuka kutazama nyuma nione ni nani atakayesimama kumsahihisha. Hakusimama mtu. Leoni mwenyewe, ambaye siku hizi magoti yake yanabishana naye kwenye kila ngazi, alikuwa akilia kwa dhati, na wala sikumlaumu, kwa sababu alizaliwa baada ya mambo hayo yote. Ndipo nilipoelewa kwamba chini ya hema lile, pamoja na watu wote wale na viti vyote vile vya kukodi, mimi peke yangu ndiye niliyewahi kumbeba mtoto wa kwanza wa Mama Anastazia. Aliitwa Kolotilda. Sisi tulimwita Tilda, na nimemkosa tangu nilipokuwa na miaka kumi na miwili.

Nilivyofika kwao si habari ndefu. Baba yangu alihamishiwa kazi ya reli upande wa Ponthierville, shule ilikuwa bado katikati, na Papa Alfonsi, mume wa Mama Anastazia, akamwambia aniache kwake. Sisi tulikuwa Waislamu tuliotoka Maniema, wao Wakatoliki wavuvi wa maporomokoni, lakini wanaume wale wawili walikuwa wameshakula samaki wengi mno pamoja kiasi cha kutojali nani anasali wapi. Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Mji uliitwa Stanleyville kwenye mabango na Stan midomoni mwetu. Nililazwa chumba kimoja na Tilda, chumba cha udongo kilichopakwa chokaa mpaka usawa wa kifua, na kuanzia hapo kwenda juu moshi wa jikoni ulijichorea ulivyotaka. Kilinuka samaki wa kukaushwa na sabuni ya mawese. Mlio wa maporomoko haukukoma hata dakika moja, na kwa sababu hiyo watu wa pale walizungumza kwa sauti kubwa hata walipokuwa wakisengenya, jambo lililonifaidi sana. Mpaka leo wajukuu zangu wananiambia nipunguze sauti kwenye simu. Nawaambia waende wakaishi pale mwaka mmoja, halafu tutazungumza.

Tilda alikuwa na miaka tisa, lakini ungempa mitano. Weupe wa macho yake haukuwa mweupe, ulikuwa na rangi ya buluu hafifu, na mtu aliyemtazama mara ya kwanza alisahau alichokuja kusema. Mifupa yake ilikuwa ikivunjika. Alizaliwa mkono mmoja umeshavunjika, na tangu hapo ikawa leo huu, kesho ule: kwa kupiga chafya, kwa kugeuka vibaya kitandani, mara moja kwa kukumbatiwa na shangazi mwenye mapenzi mengi. Leo najua kwamba ni ugonjwa adimu wa kuzaliwa nao na kwamba una jina refu. Wakati ule hatukuwa na jina, tulikuwa na masharti. Usimvute mkono. Usimnyanyue kwapani. Mwogeshe akiwa amelala juu ya jani la mgomba, na ukimgeuza, mgeuze pamoja na jani. Papa Alfonsi alimsukia kitunga cha kekele, zile kamba za msituni wanazotumia kwa mitego ya samaki, kipana mdomoni na chembamba chini, akakijaza blanketi kuukuu. Humo ndimo Tilda alimosafiri, mgongoni mwa mama yake na baadaye mgongoni mwangu, mshipi ukiwa umepita kwenye paji la uso kama wanawake wa kule wanavyobeba kuni. Alikuwa mwepesi. Alikuwa pia na mdomo mrefu, akitoa amri kutoka nyuma ya kichwa changu, akiniita yaya, yaani dada mkubwa: pita huku, yaya Zaina, simama tuwasikilize hawa, sasa twende, wameanza kutuangalia.

Na kulikuwa na kuku. Aliyekuwa akiunga mifupa pale alikuwa Koko Melania, bibi mrefu mwenye vidole vya mwanamume, na kazi yake aliifanya kama walivyoifanya wazazi wake: mtu akivunjika mguu, kuku naye anavunjwa mguu, mahali pale pale. Wote wawili wanafungwa vijiti vile vile na kupakwa majani yale yale yaliyochomwa, halafu watu wanamtazama kuku. Siku kuku anapokanyaga chini na kutembea, mfupa wa mtu umeshika, na vijiti vinafunguliwa. Kuku huyo haliwi, ni wa mgonjwa. Sasa fikiria nyumba yenye mtoto kama Tilda. Uwanja mzima ulikuwa umejaa kuku waliopona, huyu anachechemea kushoto, yule kulia, na jogoo mmoja ambaye bawa lake lilikuwa limeinuka daima kana kwamba anaomba ruhusa ya kusema. Watoto wa jirani walicheka mpaka wakakaa chini. Tilda aliwajua wote kwa viungo vyake mwenyewe: huyu ni paja langu, huyu ni mkono wangu wa Pasaka. Aliwalisha wali kutoka kwenye sahani yake, na kila mara Koko alipokuja na kuku mpya chini ya kwapa, Tilda aliziba masikio, akisema kuku hana kosa.

Alichokitaka kilikuwa kimoja tu, na kila mtu wa nyumba ile alikijua kwa sababu hakutupumzisha. Alitaka kufika kwenye miti. Wavuvi wa pale wamesimika miti mikubwa katikati ya miamba, mahali maji yanapoanguka kwa nguvu, na vitunga vikubwa vya kuvulia vinaning'inizwa hapo. Baba yake alikuwa akienda huko kila alfajiri, akirudi na harufu yake na hadithi zake, lakini Tilda aliiona miti hiyo kutoka mbali tu, midogo kama vijiti vya Koko. Mama Anastazia hakutaka hata kusikia habari ya mtumbwi. Wimbi moja baya, alisema, na tutamrudisha kwenye kitunga vipande vipande. Kiangazi cha mwaka ule, Tilda alipoanza kulalamika mguu tena, Papa Alfonsi alichoka au alimwonea huruma, sijui. Alichuchumaa mbele ya mkeka akamwambia kwamba kuku wa safari hii akitembea, maji yakiwa bado chini, atampeleka. Mama Anastazia aliinua mwiko, akaurudisha chunguni, na nyumbani kwao hiyo ilikuwa sahihi ya kukubali.

Lakini mguu ule haukuwa kama miguu mingine. Hapakuwa na anguko wala chafya. Aliamka tu unauma chini ya goti. Mama Anastazia alimpeleka kwanza hospitali, maana hakuwa mtu wa kupuuza, na mimi nilikibeba kitunga. Daktari, Mbelgiji mwenye mikono baridi aliyemjua Tilda tangu akiwa mchanga, alipiga picha ya mguu, akaitazama dirishani. Mifupa ile ilikuwa na mistari mingi ya zamani na mipya, akasema labda ni ufa mdogo, kama kawaida, alale asitikisike. Jioni Koko Melania naye alipapasa, akasema ni ufa mdogo. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya mtoto yule, daktari na Koko walikuwa wamekubaliana, na watu wazima walifurahi hivi kwamba walipika mboto kwenye majani, samaki mzima, siku isiyo ya sikukuu. Nakumbuka mafuta yake yakidondoka kwenye lituma. Nakumbuka pia kwamba Tilda hakula. Kuku alivunjwa, akafungwa, akawekwa chini ya tenga kando ya mlango, na sote tukaanza kumtazama.

Tilda ndiye peke yake aliyekuwa akitazama kitu kingine. Mchana mmoja, mama yake akiwa sokoni, baba yake aliketi mlangoni akirekebisha mtego, mimi nikichambua mchele karibu yake. Tilda alimwita, akamwambia polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia:

"Papa, hii hapana mufupa. Mi najua mufupa. Ikivunjika, inauma pahali moja, unailalia upande ingine. Hii iko natembea. Jana ilikuwa mu goti, leo iko mu bega."

Papa Alfonsi aliuliza kama ameanguka. Hakuanguka. Aliuliza kama bega nalo limevunjika, akaligusa kwa ncha za vidole. Tilda akasema hapana, na akageuza uso, kwa sababu aliona ameshasema yote aliyokuwa nayo. Baba yake alirudi kwenye mtego wake, lakini hakusuka. Asubuhi iliyofuata niliwasikia jikoni, yeye na mkewe, wakidhani wananong'ona. Alisema mtoto anasema maumivu yanatembea. Mama Anastazia alijibu kwamba mtoto amechoka kulala na anatafuta kubebwa, kwamba daktari kasema na Koko kasema, na kwamba kama ataanza kumsikiliza kila mtu, hata kuku atakuwa na maoni. Alikuwa na ulimi mkali, lakini sauti yake ilitetemeka mwishoni, nami nilijua anaogopa. Miaka tisa alikuwa amejifunza kuogopa kitu kimoja, kuvunjika. Kuongeza cha pili kulimshinda, na kungemshinda mtu yeyote.

Kisha kuku akatembea. Alitoka chini ya tenga akavuka uwanja mpaka kwenye maji ya kuoshea vyombo, akanywa, akatazama juu. Koko aliitwa. Alimwangalia kuku, akafungua vijiti vya Tilda, akapapasa mfupa wote kutoka juu mpaka chini, akaridhika.

"Bon. Kuku imetembea," akasema. "Mutoto naye iko muzima."

Tilda alikuwa na jasho juu ya mdomo, na viganja vyake, sasa nikikumbuka, vilikuwa vyeupe kama ndani ya ndizi. Papa Alfonsi alisubiri Koko aondoke. Akachuchumaa tena pale pale alipochuchumaa siku ya ahadi.

"Inauma?"

"Inauma."

"Sana?"

"Sana, lakini nataka kuenda."

Nadhani baba yake alikuwa mtu pekee aliyemwamini, na hakujua afanye nini na imani hiyo isipokuwa hili moja. "Alors, kesho," akasema.

Tulienda. Siku hiyo nitairudia, ina mahali pake.

Baada ya hapo mambo yalienda mbio. Fizi zake zilianza kutoa damu akila kwanga, ule mkate wa muhogo, na michubuko ikamtoka mgongoni na mapajani, ya buluu na kijani, mahali ambapo hakuna mtu aliyemgusa. Mama Anastazia alilaumu mtumbwi, hakusema na mumewe, akampigia sahani chini badala ya kumkaribisha. Homa ilipokataa kushuka kwa kwinini, tulirudi hospitali, na safari hii daktari hakutazama mifupa. Alimchoma kidole, akachukua tone la damu, akakaa nalo kwenye darubini mpaka chai yake ikawa baridi. Kisha akawaita wazazi, na kwa kuwa Mama Anastazia alinishika bega, niliingia nao. Mwuguzi alitafsiri. Ugonjwa ulikuwa kwenye damu, saratani ya damu, na damu inatengenezwa ndani kabisa ya mifupa, kwenye uboho. Huko ndiko maumivu yalikokuwa yakitembea miezi yote ile. Ulaya walikuwa wakijaribu dawa zinazoweza kumpa mtoto miezi michache zaidi. Hapa hakuwa nazo, na hata zingekuwepo, asingeahidi. Halafu alisema jambo ambalo mwuguzi alilitafsiri akitazama sakafu: kwamba kila alipomwangalia mtoto huyu aliona mifupa, na kwa kuona mifupa hakuona kitu kingine. Papa Alfonsi alimwambia, kwa upole, kwamba hata sisi.

Masista walimruhusu Mama Anastazia kulala chini ya kitanda. Mimi nilikuwa nikipeleka chakula, wali na samaki aliyepondwa, ambao Tilda aliutazama kwa heshima bila kuula, akiniuliza nani amewalisha kuku. Alikufa asubuhi moja mvua zilipoanza, akiwa amelala ubavu, jinsi alivyokuwa hawezi kulala zamani. Hakuna mfupa wake hata mmoja uliokuwa umevunjika. Koko Melania alikuja msibani, akaketi uwanjani mbali na wanawake wengine, akamweka yule kuku wa mwisho mapajani. Alisema kuku wake hakudanganya, mfupa ulikuwa mzima, aliulizwa habari ya mfupa akajibu habari ya mfupa. Alisema hivyo akilia machozi ya kweli, na sijasikia kwamba aliwahi kuvunja kuku mwingine. Wale wa uwanjani hawakuchinjwa kamwe. Walizeeka mmoja mmoja, wakichechemea, na Mama Anastazia aliwamwagia wali kila asubuhi bila kuwatazama. Mimi nilirudishwa kwa baba yangu mwaka wa shule ulipokwisha. Mwaka uliofuata Leoni alizaliwa, na akalazwa kwenye kitunga cha kekele, na hakuna aliyemwambia kilikuwa cha nani.

Nilirudi kuishi mjini nikiwa mwanamke mwenye watoto, mji ukiwa Kisangani, na nikawa nikimtembelea Mama Anastazia mara kwa mara mpaka uzee wake. Papa Alfonsi alikuwa ameshakufa. Tulizungumza bei ya mchele, magoti, vita vilivyopita na vilivyokuwa njiani. Kabla sijaondoka, kila mara, alinishika mkono na kuniuliza kwa sauti ile ile ya maporomokoni: "Zaina, mutoto wangu, mayi ilikuwa namna gani ile siku?" Hakuwahi kutaja jina. Siku ile yeye alikuwa amebaki nyumbani kwa hasira, na kadiri miaka ilivyopita hasira hiyo ilikuwa imegeuka kuwa kiu. Nilimwambia maji yalikuwa baridi. Safari nyingine nilimwambia yalivyonguruma, au yalivyokuwa meupe. Aliyapokea yote, akiniaga kwa kusema kwamba wangalijua ukweli mapema, wangalimfunga mtoto hospitali, na asingaliyaona. Nami naamini hivyo. Sote tulikosea, na katika makosa yetu tukampa siku yake. Sijui kumshukuru nani kwa jambo kama hilo, wala kumsamehe nani.

Baada ya mazishi, watu walipokuwa wakipewa wali, Leoni alikuja akavuta kiti karibu nami. Alisema jambo moja lilikuwa likimsumbua tangu utotoni. "Mama alikuwa nakuuliza kila siku habari ya mayi," akasema. "Mayi gani, tantine?" Nilimtazama, mzee mwenye mvi aliyelala kwenye kitunga kile. Nilikuwa nimedhani hakuna tena wa kuniuliza. Basi nilimwambia, na ninaiweka hapa kama nilivyomwambia.

Ilikuwa asubuhi, maji ya kiangazi yakiwa chini na miamba ikiwa nje. Baba yako mwenyewe alimbeba Tilda, dada yako, mshipi wa kitunga kwenye paji lake la uso kama mwanamke, na wavuvi wenzake walipomwona, hakuna aliyecheka. Mtumbwini nilikibana kitunga kati ya magoti yangu. Matone yaliturukia usoni, Tilda akatoa ulimi kuyaonja. Tulifika kwenye mti wa kwanza, karibu na mwamba, ambako maji yametulia kidogo, na baba yako akaushika mtumbwi usiende. Mti ulikuwa mnene kuliko paja la mwanamume. Tilda alitoa mkono. Nilitaka kuuzuia, kwa sababu ya masharti, lakini baba yako alinitikisia kichwa, na Tilda akaweka kiganja kwenye mti. Kisha akaniambia niweke wangu. Mti wote ulikuwa ukitetemeka, kutoka chini kabisa, mtetemeko unaokuingia mpaka kwenye meno.

"Iko natetemeka hivi siku zote?" akamwuliza baba yake.

"Siku zote."

"Na haivunjike?"

Baba yako alikuwa mvuvi, akajibu kama mvuvi, kabla hajajisikia. "Ikivunjika, tunaweka ingine."

Nilimwona anavyosikia maneno yake mwenyewe. Kasia lilisimama hewani. Lakini Tilda hakukasirika wala hakuhuzunika. Aliyafikiria, kama alivyoyafikiria mambo yote, akiutazama mti kutoka chini mpaka juu.

"Bon," akasema. "Basi hii ya leo iko yangu."

Na hakuondoa mkono mpaka maji yalipoanza kutugeuza.